Maji Yaliyokuja Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Mafuriko kwenye Makutano ya Mitaro

Kisa hiki kinatokana na mradi wa mifereji ya maji ya mvua ambao nilishiriki nikiwa mhandisi wa mazingira. Majina ya mji, taasisi na watu nimeyaondoa, na vipimo nimeviweka katika namba za karibu ili eneo lisitambulike. Uwiano kati ya namba sikuugusa, maana funzo lote limo humo.

Hali ilivyokuwa

Mitaro miwili ya maji ya mvua inakutana mita chache kabla ya barabara kuu. Kutoka hapo maji yote yanapita chini ya barabara kwa kalvati moja la zege lenye umbo la sanduku, upana wake mita 2 na kimo mita 1.5, kisha yanaingia kwenye kijito kinachopita katikati ya makazi.

Mtaro wa kwanza, nitauita Tawi la Juu, unakusanya maji ya hekta 125. Sehemu kubwa ni mteremko mrefu wenye nyumba zilizotawanyika, barabara za udongo na viwanja ambavyo bado havijajengwa. Wa pili, Tawi la Chini, una hekta 33 tu, lakini karibu zote ni paa, lami na maegesho. Maji ya mvua huko hayana pa kuzama.

Kila msimu wa mvua barabara ilifunikwa na maji na nyumba za upande wa chini zikaingiliwa. Watu walikuwa wamezoea kuinua vitanda juu ya matofali mawingu yakianza kutanda. Kisha mtembea kwa miguu mmoja akasombwa hadi mdomoni mwa kalvati, akaokolewa na wapita njia. Baada ya tukio hilo mamlaka ya mji iliagiza usanifu.

Mapendekezo mawili yaliyokuwa mezani

Tulipoingia kazini tayari kulikuwa na mapendekezo mawili, na yote mawili yalikuwa na watetezi.

La kwanza lilikuwa kubomoa kalvati na kujenga kubwa zaidi. Ni pendekezo linaloeleweka na kila mtu: maji hayapiti, basi ongeza tundu. La pili lilikuwa kuchimba bwawa la kupunguza mtiririko kwenye Tawi la Chini, karibu kabisa na makutano. Hoja yake ilikuwa na nguvu kiutawala. Mamlaka ilikuwa na kiwanja chake pale pale, hapakuwa na fidia ya kulipa, na kila aliyeona mafuriko aliona kwamba maji ya kwanza kufika yalitoka upande wa lami. Michoro ya awali ya bwawa hilo ilikuwa imeshachorwa.

Kauli ya wakazi

Kabla ya kupima chochote tulizungumza na wanaoishi kando ya makutano. Mama mmoja mzee, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza kuingiliwa, alitueleza hivi: "Mwanangu, maji haya huja mara mbili. Ya kwanza ni meusi, yananuka mafuta, yamebeba chupa na mifuko. Hayo hatuyaogopi sana. Ukiona yamepungua usifurahi. Yanakuja ya pili, mazito, yana rangi ya udongo. Hayo ndiyo yanayoingia ndani."

Majirani waliisema habari hiyo hiyo kwa maneno yao. Katika kikao cha kiufundi kilichofuata kauli hiyo ilipokelewa kama simulizi za mtaani, ikapitwa haraka. Mimi niliona imebeba taarifa mbili ambazo hakuna mchoro uliokuwa nazo: kwamba vilele vya mtiririko, yaani nyakati maji yanapopita kwa wingi zaidi, ni viwili na vinapishana kwa muda, na kwamba kilele kinacholeta madhara kinatoka Tawi la Juu, kwa kuwa ndiko kwenye udongo ulio wazi. Maji meusi yenye mafuta hayawezi kutoka kwenye mteremko wa barabara za udongo.

Vipimo

Tuliweka vihisi vya kina cha maji sehemu tatu: mwisho wa kila tawi na mdomoni mwa kalvati. Kipimamvua cha kujirekodi kiliwekwa juu ya paa la jengo la umma. Saa za vifaa vyote zililinganishwa kabla ya kufungwa, na zikalinganishwa tena kila tulipotoa data. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tulikuwa tunatafuta tofauti ya dakika, na kosa la dakika kumi kwenye kifaa kimoja lingetosha kuharibu hoja nzima.

Mvua kubwa za msimu zilionyesha jambo moja. Tawi la Chini lilifika kileleni kama dakika 20 baada ya mvua kushika kasi, Tawi la Juu kama dakika 50. Wakazi walikuwa sahihi.

Wakati huo huo tuliingia ndani ya kalvati. Tulikuta mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotua, yamejaa hadi nusu mita kutoka sakafuni, na bomba la maji safi limepitishwa kukatiza mdomo wake, limening'iniwa na taka za kila aina. Hapa nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi hukadiria vibaya madhara ya mashapo. Theluthi moja ya kimo ikijaa, mtu hudhani uwezo umepungua kwa theluthi. Kwa kanuni ya kukadiria maji yanayopita kwenye mfereji, iliyowasilishwa na mhandisi wa Ireland, Manning, mwaka 1889, kalvati hili likiwa safi na maji yakikaribia dari bila kuigusa, kwa mwinamo wa sentimita 60 kwa kila mita 100 na ukwaru (namba inayoonyesha jinsi uso unavyokwaruza maji) wa 0.015, hupitisha karibu mita za ujazo 11 kwa sekunde. Likiwa na nusu mita ya mashapo, na ukwaru ukipanda hadi 0.020 kwa ajili ya mawe na taka, linapitisha 4.9. Zaidi ya nusu imepotea, kwa sababu hasara zinajumlishana: eneo la kupitia linapungua, maji yanakuwa membamba na kusuguana zaidi na kuta, na sakafu yenyewe inakuwa na makwaruzo.

Mashapo hayo yalikuwa ya rangi ya udongo wa Tawi la Juu. Yalitua humo kwa sababu kijito kikijaa hurudisha maji nyuma hadi ndani ya kalvati, kasi inashuka, na maji yenye kasi ndogo hayawezi kuendelea kubeba mchanga.

Hesabu zilizobadilisha uamuzi

Kanuni inayotumiwa zaidi kukadiria kilele cha maji ya mvua mjini ni ile ambayo Emil Kuichling aliitumia kwa mitaro ya Rochester, Marekani, mwaka 1889: mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama), mara ukali wa mvua, mara ukubwa wa eneo. Ukiweka ukali kwa milimita kwa saa na eneo kwa hekta, unagawanya kwa 360 kupata mita za ujazo kwa sekunde.

Usanifu ulilenga mvua yenye uwezekano wa asilimia 10 wa kufikiwa au kupitwa katika mwaka wowote. Tawi la Chini, kwa mgawo wa 0.8 na ukali wa milimita 110 kwa saa, linatoa karibu mita za ujazo 8 kwa sekunde. Tawi la Juu, kwa mgawo wa 0.5 na ukali wa milimita 60 kwa saa (mvua ya muda mrefu zaidi huwa na ukali mdogo), linatoa karibu 10.4.

Kanuni hiyo inakupa kilele tu. Haikuambii kinafika saa ngapi. Ukijumlisha 8 na 10.4 unapata 18.4, namba ambayo haikuwahi kupita pale, lakini ndiyo iliyokuwa msingi wa pendekezo la kalvati kubwa. Kwa hiyo tulichora mtiririko wa kila tawi kwa muda, tukatumia SWMM, programu ya kuiga mtiririko wa maji ya mvua ya shirika la mazingira la Marekani, ambayo inapatikana bure, na tukairekebisha hadi ikubaliane na vihisi vyetu.

Picha iliyotoka ilikuwa hivi. Katika hali iliyokuwepo, dakika ya 20 yanafika karibu mita za ujazo 10 kwa sekunde: 8 za Tawi la Chini na 2 za mwanzo za Tawi la Juu. Dakika ya 50, Tawi la Juu liko kileleni na Tawi la Chini limebakiwa na 2, jumla karibu 12.5. Hicho ndicho kilele kinachotawala.

Sasa weka bwawa kwenye Tawi la Chini, kama ilivyopendekezwa. Bwawa linafanya kazi yake vizuri: linakata kilele kutoka 8 hadi karibu 4.5. Lakini maji hayapotei. Yanazuiwa yakifika mapema na kuachiliwa baadaye, na hiyo baadaye inaangukia dakika ya 50, wakati Tawi la Juu linapofika. Jumla inakuwa karibu 15. Bwawa lililojengwa kwa nia njema lingeongeza mafuriko yale yale lililokusudiwa kuyaondoa, na vipimo vya bwawa lenyewe vingeonyesha kwamba limefaulu.

Kwenye Tawi la Juu hali ni kinyume. Ukikata kilele chake kutoka 10.4 hadi 5.5, Tawi la Chini linapita kwanza kwa haraka, na la Juu linafuata polepole. Kilele cha jumla kinakuwa karibu 9.5, na sasa kinatokea dakika ya 20. Kalvati safi linapitisha 11.

Maamuzi na sababu zake

Kalvati halikubomolewa. Kubwa zaidi lingeondoa maji barabarani na kuyafikisha kwa wingi ule ule kwenye kijito, ambako nyumba zimesogea hadi ukingoni. Tungehamisha mafuriko kutoka kwa watu wanaolalamika hadi kwa watu ambao walikuwa bado hawajaanza kulalamika. Badala yake lilisafishwa, bomba likahamishwa, na sakafu ikawekewa mfereji mwembamba katikati ili mvua ndogo nazo zipite kwa kasi inayotosha kusukuma mchanga.

Bwawa la Tawi la Chini lilifutwa. Uamuzi huu ulikuwa mgumu kuliko wote. Mkubwa mmoja wa mamlaka alituuliza waziwazi: "Wahandisi, nitawaambiaje watu kwamba kuzuia maji kunaongeza maji?" Lilikuwa swali la haki. Hatukumjibu kwa ripoti. Tulichora mistari miwili ya mtiririko kwenye karatasi mbili za plastiki angavu, tukazipandanisha, kisha tukausogeza mstari wa Tawi la Chini kuelekea kulia hadi vilele vikakutana. Aliiomba michoro hiyo akaenda nayo kwenye baraza.

Bwawa likahamia Tawi la Juu, ambako hapakuwa na kiwanja cha mamlaka. Mahali pekee pa chini palipofaa ni uwanja wa michezo wa taasisi ya umma. Hesabu ya haraka ya hifadhi ni nusu ya tofauti ya vilele mara muda mzima wa mtiririko: nusu ya 4.9 mara sekunde 6,000, yaani karibu mita za ujazo 14,700. Kushusha hekta 1.7 kwa wastani wa sentimita 90 kunatoa 15,300. Uwanja ungebaki mkavu siku zote isipokuwa wakati wa mvua kubwa, na mfereji wa zege pembeni ungebeba mvua ndogo bila kulowesha nyasi.

Mkuu wa taasisi alihofia mbu na usalama wa vijana. Kuhusu mbu, tundu la kutolea maji lilisanifiwa kumaliza bwawa kwa saa chache, na mbu huhitaji takriban wiki katika joto ili kutoka yai hadi kuruka. Kuhusu usalama, kingo zililazwa mita 4 kwa kila mita 1 ya kimo, mtu aweze kutoka kwa kutembea. Tundu lilikuwa na eneo la karibu mita za mraba 1.9, likagawanywa kuwa matundu mawili. Juu yake tuliweka kizingiti cha dharura, yaani sehemu ya ukingo iliyoshushwa ili maji yamwagike juu yake, chenye urefu wa mita 24, kinachoweza kumwaga kilele chote cha 10.4 kwa kina cha sentimita 40 hata matundu yakiziba kabisa. Kizingiti hiki kilipigwa vita kwa sababu ya gharama, na nilikitetea bila kulegeza. Bwawa lolote lenye ukingo na watu chini yake lazima liwe na njia ya kumwaga isiyotegemea mtu wala wavu wa kuzuia taka kwenye matundu.

Mwisho, kando ya barabara mpya za Tawi la Juu iliwekwa mitaro ya mawe ya kupenyezea maji ardhini. Kipimo cha pete mbili, ambacho hupima kasi ya maji kuzama ardhini, kilionyesha udongo unapokea milimita 25 kwa saa. Hatukuihesabu hata kidogo kwenye hifadhi ya bwawa. Tuliichukulia kama nyongeza.

Matokeo

Barabara haikufunikwa tena katika mvua za kawaida za msimu. Mara moja ilifunikwa, kwa muda wa chini ya nusu saa, katika mvua ambayo kipimamvua kilionyesha imezidi ya usanifu. Kizingiti cha dharura kilimwaga na ukingo haukuguswa. Kwenye vihisi, vilele viwili viliendelea kuonekana, cha pili sasa kikiwa kifupi kwa kimo na kirefu kwa muda.

Mitaro ya mawe ilikufa katika msimu wake wa kwanza. Na wavu wa bwawa uliziba katika msimu wa pili: uwanja ukakaa na maji siku mbili, hadi mafundi walipokata nondo kwa msumeno.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuuliza saa kabla ya kuuliza kiasi. Mapendekezo yote mawili ya awali yalijengwa juu ya ukubwa wa maji pekee. Kwa eneo lenye mtaro mmoja hilo linaweza kutosha. Kwenye makutano ya matawi yenye kasi tofauti halitoshi, na hatari yake ni kwamba kosa haliwezi kuonekana kwa kukagua kifaa kimoja kimoja. Mkaguzi angelipima bwawa la Tawi la Chini, angekuta linapunguza kilele karibu nusu, na angelisifu.

Kauli ya wakazi iliokoa muda na fedha. Ilitueleza pa kuweka vihisi na cha kutafuta. Rangi ya maji na harufu yake ni data. Mtu aliyesimama mlangoni msimu baada ya msimu ameona mvua nyingi kuliko kifaa chochote tutakachofunga kwa msimu mmoja. Ninasisitiza hili kwa wahandisi vijana kwa sababu katika kikao kile kauli hiyo ilikuwa karibu kupotea.

Kusafisha kalvati kulirudisha uwezo wa mita za ujazo 6 kwa sekunde bila kumwaga zege la maana. Hata hivyo faida hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote, kwani mashapo yatarudi. Nafasi kati ya 9.5 na 11 ni ndogo. Sentimita chache za mchanga zinaimaliza.

Mitaro ya mawe ilishindwa kwa mpangilio wa kazi. Mkandarasi aliichimba na kuijaza mawe wakati barabara zilizo juu yake bado ni udongo mtupu. Mvua ya kwanza ilishusha tope, likaziba nafasi kati ya mawe. Udongo ulioupima ukakuta unapokea maji, ukishafunikwa na utando wa tope laini, kipimo chako hakina maana tena. Mitaro ya aina hii ifunguliwe mwisho kabisa, baada ya kila kilicho juu yake kuwa na nyasi au lami, na ipewe shimo la kutulizia mchanga kabla ya mdomo. Sharti hilo lazima liandikwe kwenye mkataba kama hatua ya malipo. Likibaki maelekezo ya mdomo, ratiba ya mashine italishinda.

Wavu ulikuwa na tatizo la umbo: uliwekwa wima, ukubwa sawa na matundu, kwa hiyo mifuko michache ilitosha kuufunga. Uliojengwa upya umelazwa, eneo lake ni mara nne ya matundu, na taka zinapanda nao kadiri maji yanavyopanda. Lakini nyuma ya umbo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Makubaliano yalisema idara ya mitaro na taasisi "zitashirikiana" kutunza bwawa. Idara ilitunza mitaro, taasisi ikakata nyasi, na wavu haukuwa wa mtu. Sasa makubaliano yanataja cheo kimoja, fungu moja la bajeti, na ukaguzi wenye tarehe kabla ya kila msimu.

Kilichobaki wazi ni viwanja vya Tawi la Juu ambavyo havijajengwa. Vikijengwa na mgawo ukapanda kutoka 0.5 hadi 0.6, kilele chake kitafika 12.5 na bwawa litakuwa dogo. Mamlaka ilitaka kupitisha kanuni moja kwa mji mzima: kila kiwanja kipya kizuie maji yake kabla ya kuyatoa. Tulipendekeza kanuni hiyo itekelezwe Tawi la Juu, na Tawi la Chini lisamehewe, ila liwekewe mitego ya mafuta na taka, kwa sababu viwanja vingi vidogo vikichelewesha maji kule chini vitafanya kazi ile ile ya bwawa tulilolifuta. Wamiliki wa Tawi la Juu waliona wanaonewa, na kwa upande wa gharama wana hoja. Njia inayojadiliwa ni wajenzi wa Tawi la Chini kuchangia matunzo ya bwawa la uwanjani badala ya kujenga yao.